Matundu Kumi na Manne ya Ukuta wa Mashariki

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, mlinzi wa zamu bado anapiga miayo getini, na mwanamume mwenye ovaroli ya kijivu ameegemeza sikio ukutani. Anagonga kwa kifundo cha kidole cha kati, mara tatu. Anasikiliza. Anasogea hatua moja kulia, anagonga tena.

Asiyemjua angedhani anabisha hodi. Mlinzi amemwona akifanya hivyo kwa wiki ya tatu sasa, na kila asubuhi humtania: “Fundi, wenyewe hawajaamka bado?” Zamani angejibiwa kwa utani mkubwa zaidi. Siku hizi fundi anatikisa kichwa tu.

Pale ukuta unapotoa sauti kavu, anapita. Pale unapolia kama debe tupu, anachomoa chaki mfukoni na kuchora mduara. Jumatatu iliyopita miduara ilikuwa thelathini na saba. Leo, Jumatatu nyingine, imefika arobaini na mmoja.

“Hii minne mipya,” anamwambia mwandishi wa makala haya bila kugeuka, “sijui ilikuwepo nikaikosa, au imezaliwa wiki hii. Hilo ndilo linaloninyima usingizi.”

Saa moja na nusu wanafunzi mia moja ishirini na sita watapanda ghorofani na kukaa katika ukumbi unaobebwa na ukuta huu. Alhamisi atakuja mhandisi kulikagua jengo zima. Kati ya leo na Alhamisi, fundi huyu mwenye miaka sitini na mmoja ana jambo la kuamua, na katika shule nzima ni yeye peke yake anayejua kwamba jambo hilo lipo.

Wanafunzi humwita Babu Simenti. Amelipenda jina hilo kwa miaka mingi, na hata kwenye kadi ya mwaliko wa mahafali ya mwaka jana liliandikwa hivyo hivyo. Tangu miezi mitatu iliyopita, mtoto akimwamkia, “Shikamoo, Babu Simenti,” huitikia marahaba huku akiangalia pembeni.

Jengo hili halikujengwa kuwa shule. Masista wa Kikatoliki walilijenga zamani sana, kwa mawe na chokaa, kuwa makao ya watoto yatima, na anayeingia hahitaji kuambiwa. Kila kitu kiko chini. Vitasa vya milango vinamfikia mtu mzima pajani, na hakuna mwalimu ambaye hajawahi kujigonga. Kulabu za kutundikia nguo ziko usawa wa kiuno. Vidato vya ngazi ni vifupi, vya miguu ya mtoto wa miaka minne, na kando yake kuna mbao mbili za kushikia, wa juu wa sista na wa chini wa mtoto.

Masista walizeeka, wakapungua, na miaka thelathini iliyopita wakayafunga makao. Shule ikaingia. Bweni la juu, ambalo sasa ndilo ukumbi, likagawanywa kwa mbao nyembamba likawa madarasa matatu. Kikanisa kikawa maktaba. Chumba cha kufulia kikawa ofisi ya mwalimu mkuu, ambaye anaapa kwamba siku za joto bado kinanuka sabuni.

Babu Simenti alikuwepo kabla ya shule. Alirithiwa pamoja na madirisha. “Hakuna kiraka cha simenti humu ambacho si cha mkono wangu,” alimwambia mwandishi wa makala haya siku ya kwanza, lakini aliisema sentensi hiyo kwa sauti ya mtu anayekiri kosa, na mwandishi hakuelewa.

Ukweli ni kwamba mwandishi alikuja akitafuta habari njema. Fundi wa miaka thelathini na sita katika jengo moja, mzee mcheshi, watoto wanampenda, picha moja akiwa juu ya ngazi, kazi imekwisha. Siku mbili za kwanza mzee alijibu maswali kwa adabu na kwa ufupi. Siku ya tatu, wakiwa wamekaa stoo juu ya makopo ya rangi, alifunga mlango.

“Ngoja nikueleze kitu, lakini usikiandike kabla ya Alhamisi,” alisema. “Baada ya Alhamisi andika unavyotaka, maana nitakuwa nimeshasema au nimeshashindwa.”

Akaanza na posa.

Alikuwa kibarua wa ujenzi wa miaka ishirini na mitano, amempenda binti aliyelelewa ndani ya kuta hizi. Binti aliletwa hapa akiwa na miaka miwili, na karatasi iliyokuja naye haikusema ametoka wapi. Mpaka leo, akiwa fundi cherehani mwenye wajukuu, akiulizwa kwao ni wapi hulionyesha jengo hili kwa kidole na kusema, “Kwetu ni pale.” Watu hucheka wakidhani ni mzaha. Si mzaha.

“Sasa unakwenda kuposa kwa nani?” anauliza fundi, na kwa mara ya kwanza anacheka. “Wenzangu walikwenda kwa baba mkwe na mama mkwe. Mimi nilikwenda kwa masista kumi na mmoja, wote wamevaa sawa, sijui nimsalimie yupi kwanza.”

Sista Mkuu alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia kuwa wao hawapokei mahari, ila ameona ana mikono. Ukuta wa mashariki ulikuwa umeanza kumenyeka. Autengeneze, na mtoto amchukue kwa amani.

Kijana akaona amepewa heshima, naye akataka kuirudisha heshima hiyo kwa uzito wake. Kwa mafundi wa rika lake chokaa ilikuwa kitu cha kumwaga chooni na kupaka mashina ya miti. Saruji ndiyo iliyojenga benki na ofisi za serikali. Alifanya vibarua sehemu nyingine kwa miezi sita mpaka akakusanya mifuko ishirini na miwili, akaibeba mmoja mmoja kutoka barabarani.

“Asubuhi ya kwanza nimeshakoroga, akaja sista mmoja mzee aliyekuwa akitunza bustani. Akachungulia karai. Akaniambia, ‘Chokaa inatosha, mwanangu.’ Maneno matatu tu.”

Akakwangua rangi iliyokauka kwenye kopo kwa ukucha.

“Mimi nikadhani ananionea huruma. Si unajua mgeni akiona nyumbani kwako hakuna kitu, anakwambia maji yanatosha? Nikaona anafunika umaskini wangu. Nikamjibu, ‘Hapana, Sista, mimi sikuja kutoa kidogo.’ Akatabasamu, akaenda zake kumwagilia maua. Laiti angenigombeza.”

Ukuta ukatoka laini mpaka masista wakaupigapiga kwa viganja. Harusi ikafungwa kwenye kikanisa. Masista wakamwajiri, na shule ilipokuja ikaendelea naye. Kila kiraka kilichotoka alikiziba kwa saruji, na kila mwaka alikuwa akijisifu kwamba ukuta wake haumenyeki tena.

Mwaka wa kwanza wa shule kulikuwa na panya. Waliingia kupitia vitundu vilivyokuwa chini ya ukuta, kila kimoja kina upana wa tofali lililosimama, vikiwa na nondo ndogo zilizoliwa na kutu. Walitafuna vitabu vya maktaba, walitafuna hata kamba ya kengele. Fundi hakuona kazi ya vitundu hivyo. Akaviziba vyote, kumi na vinne, akapiga plasta juu na kulainisha mpaka hata yeye ilimbidi ahesabu hatua kujua vilipokuwa. Walimu walimnunulia shati.

Miezi mitatu iliyopita alikwenda kuazima ngazi ndefu kwenye kanisa kuukuu mtaa wa pili. Huko alimkuta mwanamke mwenye patasi na nyundo, fundi wa majengo ya kale, akibandua saruji ukutani. Nyuma ya saruji jiwe lilikuwa zima, lakini chokaa iliyoshika mawe ilikuwa ikimwagika kama sukari iliyolowa.

Akamuuliza kulikoni. Mwanamke yule akamweleza, bila haraka, kwamba kuta za chokaa zinapumua. Maji ya ardhini yanapanda ndani yake, hewa inayakausha, hivyo ndivyo zilivyojengwa. Ukizifunga kwa simenti maji hayana pa kutokea. Yanabaki ndani na kula.

“Inachukua muda gani?” fundi aliuliza.

“Miaka thelathini, arobaini. Kwa nini, mzee?”

“Nauliza tu.”

Aliondoka bila ngazi. Alipofika shuleni alisubiri watoto watoke, akapanda darasa la katikati, akaondoa ramani ya dunia iliyotundikwa kwenye ukuta wa mashariki na kutoboa tundu la upana wa kidole gumba. Vumbi kavu halikutoka. Ulitoka mchanga mweusi, umelowa. Akairudisha ramani mahali pake.

Siku iliyofuata alishusha timazi, uzi wenye kipande cha chuma nchani, kutoka dirisha la juu. Uzi wa timazi haudanganyi. Katikati, ukuta ulikuwa umetoa tumbo la sentimita nne. Mwezi uliopita lilikuwa sita.

“Nimeshaona kuta za watu zikivimba, nikawaambia wahame siku hiyo hiyo,” anasema. “Huu ni wangu, na nimekaa nao miezi mitatu.”

Kwa nini? Hapa mzee hakuficha. Akisema, ukumbi utafungwa, na watoto hawana pa kwenda. Akisema, kazi huenda ikaisha, na umri wake si wa kuanza kutafuta nyingine. Lakini hayo aliyapitia harakaharaka. Kilichomfunga mdomo ni mkewe. “Jengo likivunjwa, atasema kwao ni wapi? Na aliyelivunja ni mimi, kwa kitu nilichompa yeye.”

Mwandishi aliandika hayo yote kwenye daftari na akalala vibaya usiku huo. Kujua jambo kama hilo na kuahidi kunyamaza si kazi ndogo, na haitii moyo kuona watoto wakipanda ngazi wakiimba. Alimwambia mzee waziwazi: asiposema Alhamisi, mwandishi atasema. Mzee akajibu, “Afadhali.” Hata hivyo, kuna siku kamili kadhaa ambazo watu wawili walijua na watoto walikaa. Makala haya hayawezi kuliruka hilo.

Jumanne mwalimu mkuu alishuka kuangalia ukuta. Mwalimu mkuu si mtu mbaya. Ameandika barua za kuomba jengo jipya miaka mitatu mfululizo na hajajibiwa hata moja, na anajua kwamba ukumbi ukifungwa, madarasa matatu yatabaki uwanjani.

“Fundi, hizi chaki zinatia watu hofu,” alisema. “Piga rangi. Mgeni akute pasafi.”

“Mwalimu, ukuta huu—”

“Ukuta huu umesimama kabla sisi hatujazaliwa, mzee wangu. Piga rangi.”

Jumatano alipiga rangi. Ilikuwa ya maziwa, ile ile ya siku zote. Alianza na sehemu zisizo na alama, akaenda polepole, na miduara akaiacha mpaka mwisho. Aliifuta mmoja mmoja akiihesabu kwa kunong’ona. Ilikuwa arobaini na mitatu.

Mhandisi alifika Alhamisi saa tatu, mwanamke wa makamo mwenye viatu vya raba na maneno machache. Alianza juu, akakagua sakafu na boriti, akaridhika. Akashuka. Akaugonga ukuta wa mashariki kwa kinyundo kidogo, sehemu tatu. Fundi alikuwa amemshikia ngazi na aliujua ukuta ule kama kiganja chake. Mahali pote alipogonga palikuwa pazima.

“Rangi mpya,” mhandisi alisema.

“Tunajitahidi,” mwalimu mkuu akajibu, akitabasamu.

Mhandisi akaandika. Kisha akachuchumaa, akapitisha mkono chini ya ukuta, kutoka pembe moja hadi nyingine. “Majengo ya umri huu kwa kawaida yana matundu ya hewa huku chini. Hapa sioni.”

“Halikuwahi kuwa nayo,” mwalimu mkuu alisema, kwa imani njema kabisa. Yeye ana miaka sita tu hapa.

Kalamu ikaenda tena kwenye karatasi. Juu, darasa la tatu lilikuwa likisoma kwa sauti moja. Fundi anasema alikuwa amejiandaa kwa maneno mengi, ameyapanga toka alfajiri, na yote yalimtoka kichwani. Alibaki na hesabu.

“Yapo kumi na manne,” alisema. “Niliyaziba mimi.”

Mwalimu mkuu alimwangalia, akamwangalia mhandisi, akamwangalia fundi tena. Fundi akahesabu hatua kutoka pembeni, akapiga goti, akaweka patasi kwenye rangi yake ya jana na kugonga. Kipande cha saruji kilipoanguka, nyuma yake hakukuwa na tundu wala jiwe, kulikuwa na udongo mweusi laini. Mhandisi aliingiza mkono mpaka kwenye kifundo.

“Wako wangapi juu?” aliuliza.

“Mia moja ishirini na sita.”

“Washuke. Taratibu, bila kukimbia. Sasa hivi.”

Walishuka wakiwa wameshika ubao wa chini, kama walivyofundishwa, wengine wakinong’ona kwamba labda wanaruhusiwa kurudi nyumbani mapema. Fundi alisimama chini ya ngazi akiwahesabu. Akafika mia moja ishirini na tano.

Alikwishapanda vidato kumi kabla mtu hajamshika. Aliyemshika ni mwalimu wa darasa la tatu, na ilimbidi amrudie mara mbili ndipo akasikia: mmoja hakuja leo, ana homa, yuko kwao. Mzee alikaa pale pale kwenye ngazi.

Uamuzi wa mhandisi uliandikwa siku hiyo hiyo. Ukumbi ufungwe. Ukuta uegemezwe kwa nguzo za mbao. Matundu yafunguliwe, saruji yote ibanduliwe kwa mkono, bila mashine ya kutikisa. Juu ya nyufa kubwa alibandika vipande saba vya kioo, ili ukuta ukisogea hata unywele, kioo kipasuke. Mvua ya kwanza ikikuta ukuta umekauka na umetulia, utabaki. Vikipasuka vioo viwili, atasaini upande wote wa mashariki uvunjwe. Mvua zilikuwa wiki sita mbele.

Mwalimu mkuu hakumsemesha fundi kwa siku nne. Siku ya tano alimpa barua: kamati ya shule itakaa kuamua kama anaendelea na kazi. Mhandisi ndiye aliyeomba aachwe kwa sasa. “Jengo hili halina michoro,” alimwambia mwalimu mkuu mbele ya watu. “Mchoro ni huyu mzee.” Sasa madarasa mawili yanasomea barazani, la tatu liko maktaba kwa zamu, na mvua ikija kabla ya wakati hakuna anayejua itakuwaje.

Nyumbani habari zilimtangulia. Mzazi mmoja alipeleka kitambaa cha sare kwa mkewe saa sita mchana na kumweleza kila kitu, akiongeza na chumvi kidogo. Fundi alipofika jioni, cherehani ilikuwa kimya.

“Fundi,” mkewe alimwita. “Ni kweli?”

“Miaka yote ananiita baba watoto,” anasimulia. “Siku hiyo nikawa fundi. Nikajua yamenifika.”

Alimwambia yote, tangu karai la kwanza. Mkewe alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwamba kila akipita pale huugusa ukuta ule kwa mkono, kwa kuwa ndicho kitu pekee kilichowahi kutolewa na mtu kwa ajili yake. Akasema pia kwamba miezi mitatu ilikuwa mingi sana. Chakula kilipikwa, nguo zilifuliwa, na kwa siku tisa hakukanyaga shuleni.

Siku hizo tisa fundi alifanya kazi kama anayedaiwa roho. Alifungua matundu yote kumi na manne. Alibandua saruji kuanzia pembe ya kusini, akiipata mifuko yake ishirini na miwili kidogokidogo, kwa patasi, mpaka viganja vikatoka malengelenge aliyokuwa hajayaona tangu ujana. Upande wa kusini ulianza kubadilika rangi, kutoka nyeusi hadi kijivu, dalili kwamba unakauka.

Pembe ya kaskazini ilikataa. Hapo unyevu ulikuwa ukipanda badala ya kushuka. Siku ya nane, kioo cha sita kilipasuka katikati, kimya kimya, hakuna aliyekisikia. Mhandisi alikuja, akakiangalia, akaandika tarehe kando yake kwa penseli. “Bado kimoja,” alisema, na hakuhitaji kueleza.

Fundi alitafuta bomba lililopasuka, hakuliona. Alitafuta mfereji, hakuuona. Yule fundi wa kike wa kanisani alikuja kutazama, naye akatikisa kichwa: kuna mahali ukuta bado umefungwa na maji hayana pa kutokea, lakini wapi?

Jioni ya siku ya tisa aliongea nyumbani, akiuambia mgongo wa mkewe aliyekuwa akishona. Alisema pembe ya kaskazini inakwenda, na akisikia kioo cha pili, basi.

“Umefungua mangapi?” mkewe aliuliza bila kugeuka.

“Yote. Kumi na manne.”

Cherehani ikasimama. “Ni kumi na sita.”

“Mama, nimeyaziba kwa mikono yangu. Ni kumi na manne.”

“Wewe umeyaziba. Mimi nimekaa nayo miaka kumi na tisa. Tulikuwa tukiyahesabu tukipanga foleni ya kuoga, kila asubuhi, kwa sauti. Mawili yalikuwa chini ya karo la kufulia la nje, kule mwisho. Mtu mzima hayaoni. Mtoto akitambaa anayaona. Mimi nilikuwa nikifichamo meno yangu yaking’oka.”

Fundi anasema hakulala, safari hii kwa sababu nyingine. Karo lile la mawe liliondolewa miaka mingi iliyopita, na juu ya mahali pake yeye mwenyewe alimwaga jukwaa la zege la kuwekea tangi la maji, bila kuchungulia nyuma.

Asubuhi mkewe alikuja shuleni na futi yake ya kushonea shingoni. Hakumsalimia mwalimu mkuu, wala mwandishi. Alikwenda moja kwa moja hadi pembe ya kaskazini, akapiga magoti akiwa na gauni lake safi, akapima kutoka kwenye fremu ya mlango kwa futi, akaweka kipande cha sabuni ya kuchorea vitambaa kwenye zege na kuvuta mstari.

“Karo lilianzia hapa,” alisema. “Vunja.”

Tangi liliondolewa kwa msaada wa mlinzi na walimu wawili. Zege lilikuwa nene. Fundi hakuwahi kumwaga zege jembamba maishani mwake, na asubuhi ile alijuta kila sentimita. Kila pigo alilipiga nusu, akigeuka kuangalia kioo cha saba, ambacho kilikuwa hatua tatu tu kutoka hapo. Mkewe alisimama mbele ya kioo hicho, mikono nyuma, hakubandua macho. Wanafunzi barazani waliambiwa waendelee kusoma na hakuna hata mmoja aliyesoma.

Karibu na adhuhuri patasi ilizama. Tundu la kumi na tano lilitoa hewa ya baridi na harufu ya udongo uliofungiwa. Nusu saa baadaye likafunguka la kumi na sita, na kutoka humo maji yalichuruzika polepole kwenye sakafu, membamba, kwa muda mrefu kuliko mtu yeyote alivyotarajia. Kioo cha saba kilikuwa kizima.

Mkewe aliinama, akaingiza mkono ndani ya tundu na kupapasa. Meno hayakuwemo. “Panya,” alisema, na mlinzi akacheka peke yake.

Hiyo ilikuwa wiki mbili zilizopita. Pembe ya kaskazini imeanza kugeuka kijivu, ila mhandisi hataki kusema neno kabla ya mvua, na fundi naye hataki kuambiwa lolote kabla ya hapo. Kamati ya shule itakaa Ijumaa ijayo. Kila asubuhi, kabla ya kushika patasi, anakwenda kwenye vioo na kuviangalia kimoja kimoja. Mawingu yakijikusanya mchana, huacha kazi na kwenda kusimama karibu navyo, kana kwamba akiwepo vitaona haya kupasuka.

Ana mpango. Jumamosi huenda kwa yule mwanamke wa kanisani kujifunza chokaa: namna ya kuilowesha, kuiacha shimoni wiki kadhaa, kuikoroga mpaka iwe laini. “Nimekuwa mwanafunzi uzeeni. Na mwalimu wangu ni mkali,” anasema. Shimo la kwanza ameshalichimba nyuma ya maktaba, kabla ya kujua kama atakuwepo kulifungua.

“Wakiniacha, nitaupiga ukuta wote chokaa mwenyewe. Wakinifukuza, nitaomba ruhusa ya kuja kukoroga tu, nao watafute mwenye mwiko. Ninachotaka ni watoto warudi juu na mimi niwe nimelala usingizi siku hiyo.”

Mkewe huja kila alasiri baada ya kufunga cherehani. Hukaa kwenye kigoda karibu na shimo na kuchekecha mchanga, kwa sababu anasema mumewe anauchekecha ovyo. Bado anamwita fundi.

Mwandishi alimuuliza kama ameshamsamehe. Hakuinua kichwa.

“Hilo tutazungumza ukuta ukikauka,” alisema, akaongeza mchanga mwingine kwenye chekeche.